Nyaya za sensa zimeungua juu ya egzosi: naziungaje ili zisiungue tena?

Mwendo_Pole

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo ya wenye uzoefu wa umeme wa magari, kwa kuwa nimefika mahali ambapo sitaki kukata hata waya mmoja kabla sijaelewa ninachokifanya.

Gari langu lina injini ya petroli ya silinda 4 iliyolazwa kwa upana, na manifoldi ya egzosi (chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda) iko nyuma, kati ya injini na ukuta wa chumba cha abiria. Wiki tatu zilizopita gasketi ya manifoldi hiyo ilibadilishwa. Siku chache baadaye taa ya injini iliwaka, na mashine ya kusomea hitilafu ikatoa kodi P0135, yaani saketi ya hita ya sensa ya oksijeni ya mbele, ile inayopima oksijeni iliyo ndani ya moshi. Fyuzi ya hita ilikuwa imekatika. Niliweka nyingine ya ampea zilezile, nayo ikadumu siku mbili tu. Kisha likazuka la pili: injini ikishapata moto huzimika ghafla barabarani, ikikaa nusu saa ikapoa huwaka kama haijawahi kuugua, na kodi inayobaki ni P0335 ya sensa ya krenkishafti, ile inayoiambia kompyuta jinsi mhimili mkuu wa injini unavyozunguka. Mafuta yanaliwa zaidi kuliko zamani, na mdomo wa bomba la moshi una masizi.

Jana nililiinua gari, nikaliweka juu ya stendi, nikafungua bati la kukingia joto. Lilikuwa limeshikwa na bolti moja tu. Nyuma yake nikakuta fungu la nyaya limelala moja kwa moja juu ya manifoldi, kwa sababu kibano kilichokuwa kikilishikilia hakipo tena. Nyaya nne zinazokwenda kwenye sensa ya oksijeni zimeyeyuka na kugandana kwa urefu wa kama kiganja, na mbili kati yake shaba iko wazi. Jirani yake zinapita nyaya mbili zilizosokotwa za sensa ya krenkishafti. Hizo hazijayeyuka, lakini ganda lake limekauka kama udongo na linapasuka nikilikunja.

Nina lehemu, nina tepu ya umeme, nina mita. Je, niziunge hapohapo zilipoungua na kuzifunga tepu, au ni lazima kubadilisha fungu zima la nyaya? Na nitajuaje kama kompyuta ya injini haijadhurika?


Koleo_na_Mita

Ndugu, umefanya vyema kusimama kabla ya kukata. Anza na jambo ambalo wengi huliruka: hakikisha joto lililoharibu nyaya lilitoka nje. Waya uliounguzwa na egzosi huharibika mahali pamoja na zaidi upande mmoja, ule uliogusa chuma, na ukisogea kiganja kimoja au viwili kutoka hapo ganda ni laini na rangi yake ni ileile. Waya ulioungua kwa kupitisha mkondo mkubwa huharibika kutoka ndani: ganda huvimba, hung'aa au kutoa mapovu kwa urefu mrefu, hata sehemu zilizo mbali na injini, na mara nyingi ndani ya plagi pia kuna weusi. Kwa maelezo yako, lako ni joto la nje, na fyuzi imekulinda. Waya wa hita unaobeba umeme wa betri uligusa manifoldi, ambayo ni hasi, na fyuzi ikakatika kama ilivyotakiwa. Usithubutu kuweka fyuzi kubwa zaidi ili "ivumilie". Ungefanya hivyo, leo tungekuwa tunazungumzia fungu zima.

Masizi na ulaji wa mafuta nayo yana maelezo. Sensa ya kawaida ya oksijeni yenye nyaya nne hutoa takriban volti 0.1 moshi ukiwa na hewa nyingi na takriban volti 0.9 ukiwa na mafuta mengi. Ikiwa waya wa ishara umegusa hasi, kompyuta husoma karibu sifuri muda wote, huamini kwamba injini ina njaa ya mafuta, na huendelea kuongeza. Kwa hiyo usikimbilie kununua sindano za mafuta wala sensa nyingine yoyote kabla ya nyaya hizi kutengenezwa.

Kuhusu kuunga hapohapo zilipoungua, jibu langu ni hapana. Chuma cha manifoldi hupita nyuzijoto 600 injini inapofanya kazi nzito, na ingawa waya haupaswi kukigusa, hewa iliyo jirani bado ni kali. Lehemu ya kawaida ya risasi na bati huyeyuka kwenye nyuzijoto 183 au juu yake kidogo, na gundi ya tepu ya umeme hulainika mapema zaidi, ikateleza na kuacha kiungio uchi. Kata sehemu yote iliyoharibika, weka kipande kipya kirefu kiasi kwamba viungio vyote viwili viwe nje ya eneo la joto, na kipande hicho kipya ndicho kipite penye joto kikiwa kizima.

Ukikata, tazama shaba. Shaba iliyochemka huwa nyeusi au ya zambarau, ngumu, na nyuzi zake hukatika ukizikunja mara mbili au tatu. Endelea kukata nyuma, sentimita kwa sentimita, mpaka ukute shaba inayong'aa na inayokunjika kwa ulaini. Usijaribu kuikwangua ile nyeusi ili uiunge. Haishiki lehemu wala haibaniki vizuri. Mara nyingi utalazimika kwenda mbali kuliko macho yalivyokuonyesha, nami huongeza sentimita 2 hivi baada ya kuona shaba safi, kwa sababu ganda la hapo nalo huwa limekwisha kukakamaa.

Aina ya waya ni nusu ya kazi. Waya wa nyumbani wenye ganda la PVC huvumilia nyuzijoto 80 hadi 105 kutegemea daraja lake. Waya wa magari wenye ganda la polithilini iliyotibiwa kwa ajili ya chumba cha injini huvumilia 125. Ganda la silikoni hufika 180 hadi 200, na la tefloni 260. Mahali kama hapo pako mimi huweka tefloni au silikoni, na nikiweka silikoni huiwekea ala nyingine juu, kwa kuwa ni laini na hukwanguka upesi ikisuguana na kona ya chuma. Unene wa shaba usipungue ule wa awali. Nyaya za hita huwa nene kidogo kuliko za ishara, kwa hiyo usitumie waya mwembamba mmoja kwa zote nne.

Kabla ya lolote, ondoa kichwa hasi cha betri, na usipime omu za waya wowote ukiwa bado umeshikana na kompyuta. Vuta plagi ya kompyuta kwanza.


Nuru_ya_Cheche

Naongeza jambo moja ambalo Koleo_na_Mita hakuligusa, nalo linategemea ni upande gani wa plagi nyaya zilipoungua.

Sensa ya oksijeni ya zirkonia hufanya kazi kwa kulinganisha oksijeni iliyo ndani ya moshi na oksijeni ya hewa ya nje, na katika sensa nyingi hewa hiyo ya nje huingia kwa kupenya katikati ya nyuzi za shaba, ndani ya ganda la waya, kuanzia kwenye plagi. Ukilehemu waya uliotoka kwenye sensa yenyewe, lehemu hujaza nafasi hizo na sensa hukosa pumzi. Hudanganya taratibu, haifi, na ndiyo maana watu hushindwa kuunganisha tatizo na kazi waliyoifanya wiki mbili nyuma. Kwa sababu hiyohiyo usipake grisi wala kupulizia dawa ya kusafishia ndani ya plagi ya sensa hiyo.

Ikiwa basi uharibifu uko kati ya plagi na sensa, ushauri wangu ni kubadilisha sensa, kwa sababu waya wake huja nao na umetengenezwa kwa joto la mahali hapo. Ukilazimika kuuunga, ubane kwa koleo la kubania, usilehemu. Ikiwa uharibifu uko kati ya plagi na kompyuta, hali ni tofauti kabisa. Hapo ni nyaya za gari na unaweza kuzitengeneza kwa njia yoyote iliyo imara.

Iwapo gari lako lina sensa ya masafa mapana, yenye nyaya tano, usikate plagi yake kwa hali yoyote. Ndani ya plagi ile sensa nyingi huwa na kikinzani kidogo kilichorekebishwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo moja, na ukiweka plagi ya sensa nyingine vipimo vyote hupotoka.


Mwendo_Pole

Nawashukuru sana. Nimerudi chini ya gari na nimepata majibu ya maswali yenu.

Sensa yangu ina nyaya nne: mbili nyeupe, moja nyeusi, moja ya kijivu. Kati ya plagi na sensa kuna ala ya nyuzi za kioo na hakuna palipoungua. Uharibifu wote uko upande wa gari, kuanzia kama sentimita 10 kutoka kwenye plagi. Hita nimeipima sensa ikiwa baridi na imetoa omu 5.8, na kati ya nyaya za hita na mwili wa sensa mita haisomi kitu. Nimekwenda pia mbali na manifoldi, karibu na kompyuta, nikafungua tepu ya fungu: maganda ni laini, rangi ziko wazi, hakuna mapovu.

Shida mpya ni kwamba penye kuungua rangi zote zimekuwa kahawia, na upande wa gari rangi hazifanani na zile za sensa. Nahofia nikikata zote nne sitajua upi ni upi. Na zile mbili za sensa ya krenkishafti sijui nizitendeje.


Kamba_Tatu

Kuhusu rangi, usikate zote kwa pamoja. Kata mmoja, uunge, umalize, ndipo uende wa pili. Kama zimegandana kiasi kwamba huwezi kuzitenganisha, basi tumia mita: vuta plagi ya kompyuta, weka ncha moja ya mita kwenye tundu la plagi ya sensa na nyingine utafute kwenye plagi ya kompyuta, huku ukifuata mchoro wa umeme wa gari lako. Andika alama kwenye kila waya kwa kipande cha tepu pande zote mbili kabla koleo halijagusa shaba. Katika sensa ya mpangilio huo wa rangi, nyeupe mbili ni hita na hazijali ipi ni ipi, nyeusi ni ishara, kijivu ni hasi ya ishara. Lakini upande wa gari usibahatishe hata hita, kwa kuwa huko mmoja unatoka kwenye fyuzi na wa pili unarudi kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoufunga na kuufungua ili kudhibiti joto.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu kompyuta kudhurika. Waya wa fyuzi ukigusa chuma, fyuzi hukatika na kompyuta haiguswi. Hatari ni waya wa fyuzi kugusana na ule wa pili wa hita, au na ule wa ishara, kwa sababu hapo umeme wa betri huingia kwenye kompyuta bila kupitia hita. Ukishamaliza kutengeneza nyaya, na sensa ikiwa imechomolewa, pima volti kwenye plagi ya upande wa gari swichi ikiwa imewashwa: tundu moja liwe na volti za betri, na tundu la ishara lisiwe na kitu kinachokaribia volti 12. Kisha chomeka sensa, washa injini, futa kodi, na uone kama P0135 inarudi. Ikirudi ilhali nyaya ni nzima, hita ina omu zake na fyuzi haijakatika, ndipo utakapokuwa na sababu ya kuishuku kompyuta.

Sasa nyaya za krenkishafti, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Ikiwa ni mbili tu, sensa yako karibu hakika ni ya sumaku na koili. Hutengeneza ishara yake yenyewe meno ya gurudumu yanapopita mbele yake, na injini inapozungushwa na stata ishara hiyo ni ndogo. Nyaya zimesokotwa ili uchafu wa umeme kutoka kwenye koili za kuwashia cheche na altaneta uingie sawasawa katika zote mbili na kompyuta iweze kuufuta. Ukiziunga zikiwa zimenyooka kwa urefu mrefu, utapata injini inayokosa moto katika mizunguko fulani tu, na hutajua kwa nini. Zisokote tena kama zilivyokuwa, hadi karibu kabisa na viungio. Kama zina wavu wa kinga juu yake, uunge wavu huo pia, na uache uwe na hasi upande mmoja tu, ule wa kompyuta.

Usizibadilishe nafasi pia. Sensa ya koili ikigeuzwa, injini inaweza bado kuwaka, lakini kompyuta husoma ukingo usio sahihi wa ishara na muda wa kuwasha cheche husogea.

Kabla ya kulaumu nyaya peke yake, pima koili ya sensa ikiwa baridi, kisha injini ikishazimika kwa joto uichomoe na kuipima tena papo hapo. Sensa nyingi za namna hiyo hufa kwa mtindo huohuo ulioueleza: waya mwembamba ndani ya koili hukatika ukipata moto na kurudi ukipoa. Kama yako ingekuwa na nyaya tatu ningekukataza kuipima omu kabisa, kwa sababu hiyo mara nyingi huwa ya aina nyingine, yenye saketi ndani.


Moshi_Mweupe

Nimesoma yote kwa makini, na nakubaliana na mengi, ila nataka kuitetea lehemu. Nimelehemu nyaya za magari kwa miaka mingi, na viungio vyangu havijarudi. Kubana kwa plaizi ya kawaida ndiko ninakokuona kukirudi kila mara: mtu anabonyeza kikopo cha shaba (kijibomba kinachoshika ncha za nyaya mbili) kwa meno ya plaizi, anavuta kidogo, anaridhika, na baada ya msimu mmoja wa mvua ndani ni kijani.


Koleo_na_Mita

Fundi mwenzangu, hatupingani sana. Kiungio kilichobanwa kwa plaizi ya kawaida ni kibaya, nami ningechagua lehemu yako kuliko hicho. Ninaposema kubana nazungumzia koleo maalumu lenye kinywa kinacholingana na kikopo, linalokaza shaba mpaka nyuzi zinakuwa kama kitu kimoja, na ambalo halifunguki kabla halijafika mwisho. Tatizo la lehemu kwenye injini ni mtikisiko. Lehemu hunyonywa na nyuzi za waya kwa milimita kadhaa kupita kiungio, na pale inapoishia waya hubadilika ghafla kutoka ugumu kwenda ulaini. Hapo ndipo unapokatikia. Ukilehemu, basi kiungio pamoja na ule mwisho mgumu viwe ndani ya mrija unaosinyaa kwa joto, na fungu lifungwe pande zote mbili ili lisicheze. Ukifanya hivyo, nje ya eneo la joto, sina neno.

Mrija nao uwe ule wenye gundi ndani, kwa sababu wa kawaida hauzuii maji. Mingi hutengenezwa kwa malighafi inayovumilia nyuzijoto 125 hivi, ambayo ni sababu nyingine ya kuweka viungio mbali na manifoldi. Tena viungio sita visipangane mahali pamoja. Kimoja kiwe hapa, kinachofuata sentimita 3 au 4 mbele, na kuendelea, ili fungu lisiwe na nundu na ili ganda moja likichanika lisikutane na shaba ya jirani.

Ukimaliza usiridhike na omu. Mita hupitisha mkondo mdogo mno unapopima omu, na waya uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba utasoma karibu sifuri kama waya mzima. Kwa zile nyaya mbili za hita, ziache zikiwa hazijashikana na kompyuta wala sensa, zipitishie umeme wa betri kupitia fyuzi na balbu ya breki ya wati 21, ambayo huvuta takriban ampea 1.75, kisha upime volti kati ya mwanzo na mwisho wa waya uleule. Waya mzima wa urefu huo utapoteza sehemu ya kumi ya volti hivi. Ukipoteza nusu volti, kuna kiungio kibovu au kuna sehemu iliyoungua ambayo hukuiona. Usijaribu balbu hiyo kwenye waya ulioshikana na kompyuta.


Nuru_ya_Cheche

Nami niongeze upande wa kinga, kwa kuwa hapo pia kuna imani potofu. Watu huvika waya ala ya nyuzi za kioo na kuamini kwamba sasa unaweza kulala juu ya egzosi. Ala ile yenyewe haiungui kwa mamia ya nyuzijoto, ni kweli, lakini haiondoi joto. Hulichelewesha tu. Ukienda safari ya saa mbili, waya uliomo ndani hatimaye hufikia joto lilelile la kitu ulichokigusa, na ganda lake huyeyuka ndani ya ala ambayo kwa nje inaonekana nzima. Kinachookoa waya ni nafasi na hewa inayopita. Rudisha kibano kilichopotea, tena kiwe cha chuma chenye mpira, kwa sababu kamba za plastiki hukauka na kukatika mahali hapo. Rudisha bolti zote za bati, kwa kuwa kazi yake ni kurudisha joto linalomulika kutoka kwenye manifoldi, na ile nafasi ya hewa kati ya bati na nyaya inafanya kazi kubwa kuliko ala yoyote. Kisha ndipo uvike ala, na kama unayo yenye uso wa alumini unaong'aa, uso huo uelekee kwenye joto.

Na kwa kuwa gasketi ilibadilishwa, chunguza kama haivuji. Moshi unaopenya kwenye gasketi hutoka kama tochi, na ukielekea kwenye nyaya utaziunguza hata zikiwa mbali. Washa injini ikiwa baridi kabisa, usikilize mlio wa tiki-tiki unaopungua chuma kinapotanuka, na utazame kama kuna masizi kwenye maungio ya manifoldi.


Mwendo_Pole

Nimechukua siku mbili, na sasa nina taarifa.

Sensa ya krenkishafti ilisoma omu 870 ikiwa baridi. Niliacha injini iwake mpaka ikazimika yenyewe, nikachomoa plagi haraka: omu 1,060, na haikuyumba. Nyaya zake kutoka plagi hiyo hadi kompyuta, nilipozikunja kwa mkono zikiwa bado na joto, ziligusana. Mita iliruka kutoka kutosoma kitu hadi omu 2, ikarudi.

Nilipokata, nililazimika kurudi nyuma kiasi cha sentimita 14 upande mmoja na 9 upande wa pili kabla shaba haijang'aa. Nimeweka tefloni kwa nyaya zote sita, viungio vimepishana, vimebanwa kwa koleo nililoazima, na vyote viko upande wa ukuta wa chumba cha abiria. Nyaya za krenkishafti nimezisokota kwa kuzihesabu mizunguko kulingana na sehemu iliyobaki nzima. Kipimo cha balbu kimetoa volti 0.09 kwa waya mmoja wa hita na 0.11 kwa wa pili. Fyuzi ni ileile ya ampea za awali. Bati lina bolti zake tatu, na gasketi haivuji.

Kodi zimefutwa na hazijarudi. Kwenye mashine, sensa ya oksijeni inapanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.8 bila kukwama. Kinachonisumbua ni kimoja: sensa ya joto la maji, ambayo waya wake unapita katika fungu hilohilo, inasoma nyuzijoto 40 chini ya sifuri kwa sekunde moja kila ninapopita kwenye matuta, kisha inarudi 88.


Kamba_Tatu

Zile omu 1,060 zisikutie shaka. Ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja, kwa hiyo koili yako imepata moto wa nyuzijoto 55 hivi zaidi ya ilivyokuwa ikiwa baridi, na ni nzima. Nyaya ndizo zilizokuwa zikikuzimia gari.

Nyuzijoto 40 chini ya sifuri si joto. Ndivyo kompyuta nyingi zinavyosoma saketi ya sensa hiyo inapokatika, kwa sababu ukinzani wake hupanda kadiri maji yanavyopoa, na waya uliokatika ni kama ukinzani usio na mwisho. Kama nyaya zake zingegusana au kugusa hasi, ungeona joto kubwa mno badala yake. Kwa hiyo una waya unaoachana kwa mtikisiko. Acha injini iwake, mwenzako atazame mashine, nawe utikise fungu polepole kuanzia plagi ya sensa kurudi nyuma, kiganja kwa kiganja, bila kuvuta. Kaa zaidi pale ulipofungua tepu karibu na manifoldi, kwa sababu waya huo ulilala na wenzake na huenda shaba yake imekatika ndani ya ganda ambalo bado linaonekana zima. Ukibonyeza ganda kwa vidole utahisi mahali palipo laini kupita kiasi, kama bomba tupu.


Mwendo_Pole

Nimeupata. Ulikuwa sentimita 6 tu kutoka pale nilipoishia kukata, na ganda lake halikuwa na alama yoyote ya kuungua, ila ndani shaba ilikuwa nyeusi na imeachana. Nimeuondoa kwa namna ileile, nimeweka kipande cha tefloni, na leo nimepita kwenye matuta yaleyale mara nne huku mashine ikisoma 88 na 89.